Pua ya Mama Mafuta

Ukimpelekea Mama Mafuta chupa ya kutilia mafuta, kabla ya yote chupa yenyewe ilishtakiwa. Hakuichungulia ndani wala hakuifuta. Alifungua kizibo, akaiweka chini ya pua, akafumba macho, kisha akaisomea mashitaka: hii ilikaa na mafuta ya taa, hii mlitilia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku moja nilimwona akimrudishia chupa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akiapa kwamba ameiosha kwa maji ya moto na majivu mara tatu. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, kwamba ilikaa na gongo, tena si zamani. Yule mama alicheka huku akikohoa, akaenda kutafuta chupa nyingine, na kwaya haikujua kitu.

Jina lake halisi lipo kwenye kadi yake ya kanisa, na nitaliacha hukohuko. Kijiji kizima cha Igamba kilimwita Mama Mafuta, na mimi nilimwita Mama tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipopangiwa kituo hapa nilipata nyumba inayopakana na ya kwake, na kati yetu hakuna ukuta, ni migomba michache na mibuni ambayo kila mmoja anasema ni ya mwenzake wakati wa palizi na ni yake wakati wa kuchuma. Tumeishi hivyo miaka kumi na moja. Kwa hiyo ninachoandika si cha kusimuliwa, isipokuwa habari ya mbegu ilivyofika, ambayo alinisimulia mwenyewe mara nyingi mno.

Zamani aliuza chakula pale Mpemba, karibu na Tunduma, ambapo malori yanapopanga foleni kungoja zamu ya kuvuka mpaka. Dereva mmoja alikwama siku sita, akala kwake siku zote hizo, na siku ya kuondoka akamwachia kifuko cha mbegu nyeupe zilizochongoka kidogo, akasema kwao wanazikamua mafuta. Hakurudi tena. Mama Mafuta alizipanda kwa udadisi tu, zikaota mmea wenye majani ya miiba na maua ya njano yanayogeuka kuwa mekundu yakizeeka. Aliuita alizeti ya miiba. Bwana shamba mmoja alipita akasema kitaalamu unaitwa saflawa. Akaambiwa ni jina zuri, akapewa chai, na jina likaondoka naye.

Wengine wote hapa wanalima alizeti ya kawaida na kuipeleka kwenye mashine za umeme. Yeye alikuwa na mashine ya mkono, ya chuma, yenye mpini mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alipanda mbegu zake mwishoni mwa Machi mvua zinapoaga, kwa sababu mmea ule hautaki maji mengi, na alivuna Agosti akiwa amevaa soksi za mpira za mtu mkubwa na mifuko ya viroba mikononi. Mbuzi hawakuugusa. Baada ya kupura na kupepeta, alizikaanga mbegu kidogo sana, kiasi cha kupata joto tu, maana jua la kwetu wakati wa baridi halina nguvu ya kuzilainisha. Zilizokaangwa alizitia kwenye kibuyu, akakifunika kwa blanketi, akakamua kesho yake. Mafuta yalitoka matone kwa matone, membamba, rangi ya majani makavu, na mashudu walikula kuku.

Harufu ya mafuta yale sijui niifananishe na nini. Yalinuka kama shamba asubuhi, basi. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili aliniletea chupa nzima ya kumpaka, kama alivyomfanyia kila mzazi wa kitongoji, na mtoto yule alikua akinuka hivyo. Hadi leo nikikumbuka uchanga wake ni harufu ile inayokuja, wala si sura.

Lakini yeye mwenyewe alikula maharage ya kuchemsha na chumvi. Nikimuuliza, alisema mafuta ni ya wageni. Ukiingia kwake saa ya chakula alikumiminia hadi yakaelea, yeye akaendelea na maharage yake makavu, akikutazama unavyokula kama mtu anayetazama mechi. Na huyo mgawaji wa mafuta, mbegu hakutoa hata punje. Watu walimwona mchoyo. Mimi pia nilimwona mchoyo, mpaka aliponieleza kwamba mwaka wa pili aligawa vikonzi vitatu kwa nyumba tatu. Nyumba ya kwanza waliwapa kuku. Ya pili walizikamua zote. Ya tatu watoto walizitafuna njiani kwenda shule. Msimu uliofuata wote watatu walirudi kuomba nyingine, wakatoka mikono mitupu.

Tangu hapo mbegu ya kupanda ilikaa kwenye kibuyu kimoja, kinaning'inia juu ya jiko, na hakuna mkono mwingine ulioigusa. Alipanda peke yake, mstari kwa mstari, akiwa amefunga mlango wa nyumba kana kwamba vibuyu vina miguu. Niliwahi kumshauri aandike alama kwenye vibuyu vyake, maana vilifanana kama mapacha, cha mbegu ya kupanda na cha mbegu iliyokaangwa. Alinitazama kwa huruma. Alisema aliyejaliwa pua hahitaji kalamu.

Alikuwa na mchezo mmoja wa kutuaibisha. Baada ya mavuno, ukimtembelea, alikuwekea mabakuli matatu ya mbegu, akakufunga macho na kanga, akakuambia unuse useme zipi ni za mwaka jana, zipi za mwaka huu, zipi zimeona moto. Wakati mwingine aliweka mabakuli mawili ya mbegu ileile, na wewe ukaapa kwamba zinatofautiana. Hapo alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilishindwa kila mwaka. Alipenda kuniambia, "Mwalimu, wewe unafundisha watoto kusoma. Sasa wewe kunusa nani atakufundisha?" Nilicheka naye, lakini nikafika mahali nikiwa mbele yake siiamini pua yangu hata kidogo. Ndivyo tulivyokuwa karibu wote. Alikuwa na pua moja inayotutosha kitongoji kizima, nasi zetu tukaziacha zilale.

Hata mchungaji hakunusurika. Alileta mafuta ya kupaka wagonjwa, akasema ni ya mzeituni, yametoka mbali. Mama Mafuta alipakwa kwenye paji la uso, akarudi kukaa. Ibada ilipokwisha alimfuata pembeni akamwambia ni ya kupikia, ya pamba, na yametiwa rangi. Kisha akaongeza kwamba Mungu atayapokea hivyohivyo, asihangaike.

Mwaka juzi, Juni, aliugua mafua. Sisemi mafua ya kupenga siku mbili; yalimlaza wiki tatu, kifua kikawa kinalia, tukapokezana kumpelekea uji. Alipoinuka alikuwa amekonda lakini anacheka, na sote tukashukuru. Hakumwambia mtu lolote. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, ndiye niliyepaswa kuona, na niliona, tatizo ni kwamba nilikataa kuelewa nilichokiona. Jioni moja maharage yake yaliungua mpaka moshi ukavuka migomba ukanifuata sebuleni. Nilikimbia nikamkuta ameketi hatua mbili kutoka jikoni anachambua mboga, ametulia kabisa. Nilipoipua sufuria alishtuka, kisha akasema macho yake siku hizi hayaoni moshi vizuri. Niliona ni jibu la kutosha. Uvivu wa akili huo, siuiti jina lingine.

Chupa za wateja aliendelea kuzinusa. Tena alizinusa muda mrefu kuliko zamani, macho yamefumbwa, na zote zikapita. Hakurudisha hata moja. Watu walisema uzee umemlainisha.

Msimu ule mafuta yakaanza kuja mabaya. Nadhani alichanganya ya zamani yaliyobaki madumuni na mapya. Nilipofungua chupa yangu nyumbani nilisikia harufu ya rangi ya mlango iliyokaa. Nikajiambia chupa yangu ndiyo chafu. Nilipikia mara moja, watoto wakasukuma sahani, nikawagombeza. Kisha tulikutana jumuiya, nyumbani kwa mama mwingine, nikaona kwenye rafu yake chupa mbili zimejaa, hazijaguswa. Nilimuuliza. Aliangalia mlango, akaniambia anapaka bawaba. Mwingine akasema yeye anawasha nayo koroboi. Ikatokea kwamba kila nyumba ina chupa mbovu, kila nyumba ilidhani kosa ni la kwake, na kila nyumba iliendelea kwenda kuchukua nyingine ili Mama asijisikie vibaya.

Tulikubaliana mtu akamwambie. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu na nimezoea kusema yasiyopendeza. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nimeyapanga maneno. Alinipokea na kiti, na chai, akaniuliza watoto, akaniuliza mtihani wa darasa la nne. Kisha akaniuliza mafuta yanaendaje. Nilisema yanaenda vizuri, Mama. Nikarudi nyumbani na chupa nyingine. Wenzangu waliponiuliza nilisema nimemkuta hajisikii vizuri.

Sasa nifike Machi iliyofuata. Shule zilikuwa zinafunga. Asubuhi moja alisimama kwenye migomba akaniita, akasema mgongo unamsumbua, nikamsaidie kupanda. Nilistaajabu, na nikaona fahari pia, sikatai. Miaka kumi hajamruhusu mtu kugusa kibuyu kile, leo ananiita mimi. Nilivaa viatu vya shamba kwa haraka.

Shamba lilikuwa limelimwa, udongo mwekundu, una unyevu wa kutosha. Aliketi ukingoni, akafungua kibuyu, akamimina mbegu kiganjani mwake. Alizinusa. Kisha akanyoosha mkono akazimimina kiganjani mwangu.

"Nusa na wewe," alisema.

Nilinusa. Zilinuka karanga za kukaanga. Haikuwa harufu ya kubahatisha. Hata mtoto wa chekechea angesema. Niliinua macho nikamkuta ananitazama, na midomo yake imebana kidogo kama anavyobana anapozuia kicheko. Nikakumbuka mabakuli matatu. Nikakumbuka kanga machoni. Nikasema moyoni, huyu ameshazinusa mwenyewe, ananijaribu, na nikisema zimekaangwa atacheka mpaka jioni na kesho watoto wa shule watajua. Na chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine, nakisema sasa: niliogopa kwamba nikiwa sahihi, basi mambo yote ni kweli, maharage yaliyoungua na chupa za bawaba na yote, na itabidi mimi ndiye niseme.

"Nzuri, Mama," nilimwambia. "Ziko hai."

Alishika jembe. Kisha akasema haya, tupande.

Tulipanda mpaka adhuhuri. Yeye alichimba, mimi niliangusha punje na kufukia kwa mguu. Kila kiganja kilinuka karanga. Kibuyu kilipoisha alikikung'uta, akakigonga mara tatu chini, na punje mbili za mwisho nazo zikaingia ardhini.

Siku ya kumi hakukuwa na kitu. Alisema ni baridi. Wiki ya pili ilipoisha alisema ni fuko. Kila asubuhi nilimwona kutoka dirishani akitembea mistari ile ameinama, anagusa udongo kwa kidole, na mimi nikasimama na kikombe changu cha chai nimekishika mpaka kinapoa. Hata kunguru hawakufukua. Wiki ya tatu alichimbua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akaitazama, akaifukia tena vizuri pale alipoitoa. Baada ya siku hiyo hakwenda tena shambani, na mvua zilikuwa zimekwisha.

Nilifanya nilichoweza, na ni kidogo mno. Nilishuka Tunduma, nikazunguka maduka yote ya pembejeo, wakanionyesha alizeti za kila aina kwenye pakiti zinazong'aa. Mama mmoja wa ng'ambo, anayeuza nafaka karibu na mpaka, aliniambia kwa heshima ya kwao, "Nitakuulizia, ba ticha," na kila nikienda ananiambia anauliza bado. Nikaenda Mpemba, nikatembea kando ya foleni ya malori kama kichaa, nawauliza madereva mbegu nyeupe yenye mmea wa miiba. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja alifungua kabati lake la vyakula akanipa limau.

Nimemtembelea mwaka huu mwezi wa saba, kwenye baridi kali. Si kwamba nilikuwa sijamwona, jirani huwezi kumkwepa, lakini nilikuwa nimejifunza kupita nikisalimia kwa mbali. Siku hiyo aliniita. Niliingia, nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Mashine ilikuwa pembeni imefunikwa kiroba, na ule mpini mrefu ameuchomoa, amening'iniza juu yake nguo za kukauka. Hakupika chai. Aliniuliza taratibu, kwa lafudhi yake ile ya Kinyiha inayovuta mwisho wa neno.

"Mwalimu, siku ile ya kupanda. Ulizinusa?"

"Nilizinusa, Mama."

"Zilinukaje?"

Nilitaka kusema sikumbuki. "Zilinuka karanga za kukaanga."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kushangaa. Aliniuliza kama miaka yote ya ujirani wetu nimewahi kumwona akiita mtu kumsaidia kupanda. Nilisema hapana.

"Sasa siku ile nilikuita wa nini?"

Akanieleza. Tangu yale mafua hakusikia harufu ya kitu chochote: si moshi, si mafuta, si sabuni, si yeye mwenyewe. Kila siku alidhani kesho itarudi. Kabla ya kupanda alikiteremsha kibuyu cha mbegu kutoka juu ya jiko, kikakaa chini pamoja na kile cha zilizokaangwa; kimoja alikuwa amekikamua wiki iliyotangulia na kimoja kimebaki, na hakujua kama amekamua kile kilichostahili kukamuliwa. Alikumbuka tu kwamba mashine siku ile ilikuwa nzito na mafuta yalitoka kwa shida.

"Nilitaka pua," alisema. "Nikaona aibu kuomba pua, nikakuomba mikono."

"Nilidhani unanijaribu, Mama. Kama kwenye mabakuli."

"Najua. Nilijua palepale uliponiangalia. Nilikuzoesha vibaya." Alisema hivyo bila ukali wowote, na ningeshukuru angenipiga. Nilimwomba msamaha, alinipungia mkono kana kwamba anafukuza kuku wasio wake. Alisema na yeye alikuwa na mdomo, siku ile na siku zote kabla yake.

Kisha aliinama akavuta chupa kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa ya mwisho, ile ya kibuyu cha wiki ya kabla ya kupanda, imejaa hadi shingoni na haijawahi kufunguliwa. Alifungua kizibo, na mkono wake ulikwenda wenyewe kuielekea pua, ukaishia njiani. Akanipa mimi.

"Nusa. Usiniangalie mimi usoni. Nusa tu, useme."

Nilifumba macho. Ilikuwa ile harufu ya shamba asubuhi, lakini mbichi zaidi, ina ukali wa jani lililokatwa sasa hivi. Ilikuwa harufu ya mtoto wangu wa pili. Hapakuwa na moto ndani yake hata kidogo. Zilikuwa mbegu zake za kupanda, zote, zimo mle ndani ya chupa, na hakuna mtu duniani anayeweza kupanda mafuta.

"Hayajaona moto, Mama," nilisema. "Ni zile zilizokuwa hai. Na ni mazuri kuliko yote uliyowahi kukamua."

Sijawahi kusema ukweli uliochelewa kama huo. Nilitaka kulia nikaona sina haki hiyo mbele yake. Hatimaye alinyanyuka, akaniletea maharage yake, yamechemshwa yameiva, hayana kitu, akaiweka sufuria mbele yangu pamoja na kitunguu kimoja.

"Unga haya," alisema. "Tia mengi. Leo mgeni ni mimi."

Niliwasha moto, nikatia mafuta kwenye karai, yakatulia, yakaanza kuchemka pembeni. Alisogeza kigoda chake karibu na jiko kuliko inavyofaa, akainua uso kuelekea mvuke, akafumba macho kama zamani.

"Niambie," alisema. "Usiruke kitu."

Nikaanza na kitunguu.